Chumvi ya Anselme

Anselme Mushagalusa alizungumza na ardhi zaidi ya alivyozungumza na mkewe. Hayo ni maneno ya mkewe mwenyewe, Nabintu. Walitoka Bukavu, ambako Anselme alijifunza kazi kwa Mbelgiji wa migodi aliyemwachia mashine, na mwaka wa sabini na sita walikuwa wakiishi mtaa wa Bwaise, katika nchi jirani iliyotawaliwa na wanajeshi. Anselme aliwapimia watu maji ya chini ya ardhi kwa umeme. Alipigilia ardhini vijiti vinne vya chuma, akavifunga waya, akapitisha umeme kwenye viwili vya nje na kusoma sindano ya mashine iliyounganishwa na vile vya ndani. Umeme ukipita kwa taabu, chini ni mwamba mkavu. Ukipita kirahisi, huenda kuna maji. Neno "huenda" alilitamka kwa sauti ndogo sana.

Tatizo lilikuwa kiangazi. Ardhi kavu haipokei umeme mpaka kila kijiti kimwagiwe maji ya chumvi, na mwaka ule chumvi ilipatikana kwa magendo tu.

"Baba Emile," Nabintu alimwambia mumewe, "maharage ya watoto hayana chumvi, na wewe unailisha ardhi?"

"Ardhi ndiyo inayotulisha."

"Basi ikupikie."

Siku aliyoitwa kutafuta mahali pa kisima na kapteni mmoja wa jeshi aliyekaa mlimani juu ya Kamwokya, Anselme alibeba kopo lake la chumvi bila kulichungulia. Alilifungua mbele ya kapteni. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe, umechekechwa vizuri kabisa.

Akaukoroga kwenye maji, akaumwaga kwa heshima zote. Sindano haikutikisika.

"Inasema nini?" kapteni aliuliza.

"Bado inafikiri, afande."

"Itafikiri mpaka saa ngapi?"

Anselme akaona heri aseme kweli: alihitaji chumvi. Kapteni alimwita mkewe, Kaltumi, naye akatoka na nusu gunia.

"Huyu ni mganga?" Kaltumi alimuuliza mumewe.

"Hapana, mama. Mimi ni fundi," Anselme alijibu.

"Fundi gani anaomba chumvi?"

Chumvi ilipomwagwa, sindano iliamka. Lakini kapteni alikwisha kuchagua mahali: kisima kikae mbele ya lango, wageni wakione. Langoni palikuwa na mwamba mtupu. Dalili za maji zilikuwa nyuma, kando ya banda la kuku.

Watu walikuwa wamepotea kwa makosa madogo kuliko kumwambia afande amekosea. Anselme alijitoa mbele ya mashine.

"Afande, labda usome mwenyewe."

Kapteni akainama juu ya mashine, mahali pote pawili. Langoni, taabu ya umeme ilikuwa elfu mbili. Kwa kuku, sabini.

"Hii mashine inajua mimi ni nani?"

"Haijui, afande. Imetoka ng'ambo."

Kaltumi ndiye aliyecheka kwanza. Kapteni akamkazia macho, kisha naye akacheka. Anselme akafuata, kwa hadhari, asiwazidi.

Walichimba kando ya banda, wakapata maji mita arobaini na tatu chini. Kapteni aliwaambia wageni wake kwamba aliyahisi kwa nyayo tangu siku aliyohamia. Anselme alipoulizwa, aliapa kuwa ni kweli.

Mwaka wa sabini na nane betri za kuiendesha mashine ziliadimika mjini. Aliisukuma mashine chini ya kitanda, akaanza kutengeneza sigiri za mkaa. Hata hivyo, kila aliposikia jirani amechimba shimo na kukosa maji, aliacha nyundo, akavaa koti, akaenda kumpa pole na kumweleza kwa kirefu alipokosea.