Gauni Nililomshonea Xavérine Akose Pumzi

Nimeshona nguo miaka kumi na minne hapa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi. Gauni moja tu ndilo nililishona ili mtu akose pumzi.

Na mtu mwenyewe ni mlokole mwenzangu. Naombeni msinitukane kabla hamjamaliza kusoma.

Naitwa Libérata. Nilikulia Kigoma, wazazi wakarudi Rwanda, mimi nikaishia Gisenyi na cherehani yangu. Jumapili naimba kwaya. Safu ya nyuma, sauti ya pili, mwaka wa tisa huo.

Mbele palikuwa pa Xavérine.

Xavérine ni mzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, aliolewa huku. Akishika kipaza sauti, hata wazee waliokuwa wanasinzia wanasimama. Mimi niko nyuma yake, mdomo unasema haleluya, roho inasema kwa nini yeye.

Wivu ulinikamata vibaya, siwafichi. Alinunua simu kubwa, nikanunua kama yake. Alisuka rasta ndefu, kesho yake niko saluni. Kila nikipata, roho inatulia wiki moja, halafu inaanza upya.

Nikajiambia shida si simu wala nywele. Shida ni ile nafasi ya mbele. Nikisimama pale mara moja tu, nitatosheka.

Nikaanza hata kuiombea. "Bwana, nipe nafasi ya Xavérine." Nasema hivyo nimepiga magoti, bila aibu.

Mwaka jana kanisa likapanga tamasha, na kwaya irekodiwe video. Kiongozi wetu, Wellars, akatangaza: wimbo mpya ataongoza Xavérine, nguo za wote atashona Libérata.

Watu wakapiga makofi. Najua hayakuwa ya cherehani.

Tangu siku hiyo nikaacha kumsalimia. Tukikutana sokoni napita na simu sikioni, na hakuna mtu niliyempigia.

Wiki tatu kabla ya tamasha akaja kupimwa.

"Libé, unipimie muzuri," akasema. "Mbele ya kamera sitaki mutu aseme niko sawa na gunia."

Nikapima, macho nimeyaweka kwenye futi tu.

"Iko nini? Uko mugonjwa?"

"Niko sawa."

"Bon, nilikuwa nauliza tu."

Akaondoka. Nikabaki na kitenge mezani na makasi mkononi.

Mwimbaji anavuta pumzi hapa, chini ya mbavu. Hapo ndipo nilipobana sentimita nne. Zipu ingefunga kwa taabu kidogo, angesimama vizuri, lakini kwenye kiitikio, pale anapovuta pumzi ndefu, sauti ingekatika. Mbele ya kamera.

Fundi mwaminifu huacha kitambaa ndani ya mshono, ili nguo ipanuliwe siku mtu akinenepa. Mimi nilikikata chote. Kisha nikawaambia wanakwaya kwamba nguo nitazigawa asubuhi ya tamasha, mtu asionekane nayo mapema.

Asubuhi ikafika. Akina mama tulibadilishia nguo kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Nikajifanya napanga viatu, jicho liko kwa Xavérine.

Akavuta zipu. Ikapanda bila shida.

Akanyoosha mikono juu, akavuta pumzi, akajaribu noti. Gauni likamkaa kama vile nilimpima dakika tano zilizopita.

"Yesu wangu!" mama mmoja akapiga kelele. "Libérata, Mungu abariki hii mikono!"

Wote wakashangilia ushonaji wangu. Nikakaa kwenye kibenchi cha watoto.

Ndipo nikamtazama vizuri. Mashavu yameingia, mifupa ya shingo inaonekana. Wiki tatu nilitazama simu yake, nywele zake, nafasi yake. Yeye mwenyewe sikumwona.

Kabla hatujaingia, Wellars akaja. "Libé, Xavérine anasema hana nguvu za wimbo wote. Ameomba ubeti wa mwisho uimbe we."

Jamani.

Nikasimama mbele. Kipaza sauti mkononi, kamera usoni. Nikaimba, na sijisifu, niliimba vizuri. Watu wakasimama, mama mkwe wangu akapunga kitambaa.

Nikaingoja ile furaha niliyoitafuta miaka tisa.

Haikuja. Nilichokuwa nafikiria ni zile sentimita nne.

Baadaye tukapewa fanta na mandazi nje. Xavérine akaja kukaa karibu yangu, akamega andazi taratibu, kama mtu anayejifunza kula.

"Leo namaliza," akasema. "Siku makumi mbili na moja."

"Siku za nini?"

"Nilikuwa nafunga. Asubuhi mupaka mangaribi, mangaribi chai tu."

"Unaombea nini hivyo?"

Akaangalia chupa yake. "Uliacha kunisalimia. Mi nikasema, pengine nilikukosea bila kujua. Ndo nikamuuliza Mungu anionyeshe. Alinyamaza. Donc nakuuliza we mwenyewe. Nilikukosea nini, dada yangu?"

Nililia pale pale, na mdomo umejaa mandazi. Kisha nikamwambia yote. Simu, nywele, yale maombi ya magoti, gauni.

Akashika mbavu zake juu ya kitenge. Akanyanyuka akaenda zake, fanta akaiacha nusu.

Mwezi mzima sikumwona dukani kwangu. Mazoezini alinipa mkono tu. Nilistahili.

Siku moja akaingia na gauni kwenye mfuko, mashavu yamerudi.

"Nimeanza kula, haiingie tena. Upanue."

"Halipanuki, Xavérine. Nilikata kitambaa cha ndani."

"Yote?"

"Chote."

Akaligeuza, akakagua mshono mmoja mmoja. Akaniangalia. Halafu akaangua kicheko mpaka akashikilia cherehani.

"Yebaba we! Ulikuwa unanichukia muzuri!"

Tukacheka, tukalia, tukacheka tena.

"Shona ingine," akasema. "Na hii mara uache nafasi, mi nakula."

Nilishona. Niliacha sentimita tano kila upande.

Ndugu yangu unayesoma, miaka tisa nilipiga magoti kumwomba Mungu vitu vya Xavérine. Nilivipata vyote, mpaka kipaza sauti, na njaa yangu ilibaki pale pale, kwa sababu Mungu mwenyewe sikuwahi kumtaka. Mwenzangu alikuwa na vitu hivyo vyote, na bado alikubali kushinda njaa siku ishirini na moja ili nimsalimie tu.

Kama kuna mtu uliyeacha kumsalimia, msalimie leo. Huenda hajala.