Ndimu ya Béata na Jiwe la Bweyeye

Kila neno hapa ni la kweli tupu. Muulizeni mke wangu, mkimkuta amefurahi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Muganza. Béata Kamikazi, mponda kokoto wa miaka hamsini na miwili, amechuchumaa kando ya barabara ya malori ya kiwanda cha simenti, anachagua. Mawe ya kazi anayaponda. Mazuri anayatia mfukoni mwa aproni.

"Bwana yangu alisema niko na wazimu," anacheka. "Sasa ni yeye anayaosha!"

Alikulia Uvira, ng'ambo ya mpaka, akarudi Rwanda mwaka 1995. Nyundo imempinda kidole kimoja, lakini kwa miaka kumi na moja hajaacha kukusanya: mawe ya chokaa yenye matundu kama mkate, mawe ya mchanga ya Ruhwa, mengine meusi kama makaa.

Mwalimu mkuu Uwineza amemwahidi kabati la vioo shuleni kwa sharti moja: ifikapo Jumatatu, awe na mawe ya sekta zote kumi na nane za Rusizi. La sivyo, kabati linabaki la chaki. Jiwe lililokosekana ni la Bweyeye tu, kule mbali kando ya msitu wa Nyungwe.

Mimi, mwandishi niliyekuja kumhoji, nilijitolea kulileta. Jumamosi nikamkabidhi jiwe jeupe, nikamsimulia nilivyolizamia mtoni, sokwe watatu wakinishikia viatu.

Béata hakubisha. Alikata ndimu, akadondosha tone moja. Jiwe likatoa povu.

"Mzee! Hii ni chokaa ya hapa hapa! Jeupe ya Bweyeye haitoke povu, inakwaruza hata kioo ya chupa."

"Labda sokwe walilibadilisha."

"Na viatu? Viko na vumbi ya simenti! Sokwe banafanya kazi kwa machimbo?"

Wanawake wenzake walicheka hadi nyundo zikanyamaza. Béata naye alicheka, kisha akafuta macho. "Nataka batoto bajue mlima yao. Hata ule mwenye hajawahi kufika Bweyeye, aione kwa kioo. Ukinidanganya mimi, unabadanganya bote."

Hapo nikauliza njia ya kwenda Bweyeye.

Leo ni Jumapili. Makala hii naiandika Bweyeye, nimekaa kwenye gogo, nimetapakaa tope hadi magotini. Pikipiki ilinishusha ambapo barabara ilikatika, nikatembea kilomita tisa, na tisa nyingine zinaningoja. Kando yangu kuna jiwe jeupe na chupa tupu ya Fanta.

Nimejaribu mara tatu. Chupa imekwaruzika.