Mzee Aliyekatazwa Ngagara

Katika kikundi chetu cha wachora ramani wa kujitolea, mtu mmoja tu alikuwa amekatazwa kuigusa Ngagara, na huyo ndiye mtu pekee kati yetu aliyekuwa akiishi Ngagara. Sisi wengine tuliruhusiwa. Mimi nakaa Mutanga Sud, mtaa mwingine wa Bujumbura, na nikiingia Ngagara, kwenye zile kartie, yaani vitongoji, zenye namba, huwa nauliza njia kila kona. Mwenzetu mwingine, bingwa wa kuchora paa za Ngagara akitazama picha za satelaiti, anakaa Mbeya na hajawahi kukanyaga Burundi.

Ramani yetu iko mtandaoni. Yeyote anaweza kufungua akaunti na kuongeza barabara, duka au kisima, na kanuni kubwa ni moja: chora kilichopo. Kanuni hiyo haina matatizo mpaka ifike Bujumbura. Hapa kwetu mtu akikuelekeza, anakuelekeza kwa vitu vilivyokwisha ondoka. Atakwambia upite ile nyumba ya njano, ambayo sasa ni ya kijivu, ukate kushoto kwenye baa, ambayo sasa ni uwanja wa kukaushia matofali. Na Ngagara kuna kituo ambacho kila abiria anakiita "kwenye mti". Mti ulikatwa zamani, hata kisiki kiling'olewa, lakini watu wanaendelea kushukia hapo.

Mzee wetu wa Ngagara, mtumishi wa serikali aliyestaafu, aliuweka mti huo kwenye ramani. Yule wa Mbeya akautoa. Mzee akaurudisha. Ukatolewa tena, ukarudi pamoja na baa, halafu nyumba ya njano nayo ikajitokeza. Kwenye sehemu ya kueleza sababu ya mabadiliko mzee aliandika: "Uliza mutu yeyote." Mwishowe wasimamizi wa ramani wakamwekea kizuizi. Asibadilishe chochote Ngagara, wala asiizungumzie Ngagara kwenye ukurasa wowote. Akiwa na pendekezo, alipitishe kwa msindikizaji, ambaye atalichunguza na kuliingiza likiwa sawa. Kazi ya usindikizaji nilipewa mimi, kwa kuwa tulikuwa mji mmoja.

Alikuja kwangu kwa miguu, maana petroli ilikuwa imeadimika tena, akiwa na avokado kwenye mfuko. Hakukaa hata dakika kabla ya kuanza.

"Mama, nikuulize. Huyu wa Mbeya, anaonea wapi kama mti haiko?"

"Kwenye picha za satelaiti, muzee."

"Na mahali watu wanashukia, picha inaonyesha?"

"Haionyeshi. Lakini mti wenyewe haupo."

"Apana, haiko," alikubali bila taabu. "Njo maana tunasema kwenye mti. Kama ingekuwa iko, kila mutu angeiona mwenyewe, kusingekuwa na haja ya kumuelekeza."

Tulipatana kwamba suala la mti tutaliacha. Alikuwa na jambo zito zaidi. Famasi ya mtaani kwake ilikuwa imehama, lakini ramani bado iliionyesha mahali pa zamani, ambapo sasa pana karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Wageni waliofuata simu zao walifika hapo na watoto wenye homa mgongoni. Mzee alitaka arudishiwe haki ya kuchora mtaa wake ili mambo kama hayo ayarekebishe asubuhi anapotoka kununua mkate, badala ya kutembea mpaka Mutanga Sud kuniomba mimi.

Nilienda kuiona famasi mpya kwa macho yangu, nikaihamisha kwenye ramani. Yule wa Mbeya akairudisha kwenye karakana siku hiyohiyo. Sababu aliyoandika ni kwamba pendekezo limetoka kwa mtu aliyewekewa kizuizi. Ukafunguliwa mjadala. Mmoja aliuliza kama mzee ana hisa kwenye famasi hiyo. Mwingine alishangaa kwa nini mzee hajitetei, na hakuna aliyemkumbusha kwamba kujitetea alikatazwa.

Mzee alisoma yote hayo kwenye kochi langu, kwa intaneti yangu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Andika," akaniambia. "Andika huyu wa Mbeya ni…"

"Muzee."

"Ni ndugu yetu. Andika ni ndugu yetu."

Niliandika hivyo, nikaongeza ya kwangu. Nilisema pendekezo lipimwe kwa ukweli wake. Mtu anayejadiliwa apewe mahali pa kujibu, na aambiwe kizuizi chake kitaangaliwa upya lini na afanye nini ili kiondolewe. Wasimamizi walijibu kwa adabu kubwa. Walifungua ukurasa wa kupitia upya kizuizi cha mzee na kuwaalika wote watoe maoni, msindikizaji akiwa wa kwanza.

Mzee alifurahi, akapakia picha ya famasi palepale kwenye kochi, kama ushahidi. Hapo ndipo mtu fulani makini alipogundua kwamba akaunti ya mzee na akaunti yangu zinaingia kutoka nyumba moja. Alihitimisha kwamba sisi ni mtu mmoja mwenye majina mawili, anayejisindikiza mwenyewe. Kabla sijamaliza kuandaa maelezo yangu, nilikuta na mimi nimewekewa kizuizi cha Ngagara mpaka uchunguzi uishe.

Nilienda kumpa habari. Nilishuka kwenye mti. Mzee alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini, na alipoelezwa akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Sasa na huyu nani atamusindikiza?" akamuuliza mumewe. "We?"

"Mi iko na uzoefu," alisema mzee. Kisha akanigeukia kwa upole ambao sikuuzoea. "Usijibu leo, mwana wangu. Ukijibu leo utaandika kama mi. Kula kwanza."

Tulikula ndagala, dagaa wa ziwani, akinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote wa wasimamizi: usisome mjadala zaidi ya mara moja, usihesabu nani yuko upande wako, fanya kazi mahali ulipoachiwa. Yeye mwenyewe alikuwa akichora Zone Industrielle, eneo la viwanda, kimyakimya, ghala baada ya ghala, na hakuna aliyewahi kumtolea hata moja. Aliponisindikiza kurudi tulisimama kidogo mbele ya karakana. Fundi aliona watu wawili wamesimama, akanyoosha mkono bila kuvua kinyago: "Dawa ni kule mbele."

Ukurasa wa mzee bado uko wazi. Wengi wameshatoa maoni, na yanaelekea kumpendelea. Hata yule wa Mbeya ameandika kwamba hana kinyongo. Juu kabisa kuna nafasi ya maelezo ya msindikizaji, na bila hayo wasimamizi hawaamui. Niliwauliza kama naruhusiwa kuyaandika. Wamenijibu kwamba hawawezi kulipokea swali langu kwa sasa, kwa kuwa linahusu Ngagara.