Neno Nililomnyima Bi Rukia

Nilipokuwa mtoto wa kike wa miaka tisa nilijua kusema uongo vizuri kuliko nilivyojua kusoma, na katika nyumba yetu ya Mji wa Kale mtu mmoja tu hakunishuku kamwe, naye ni nyanya. Kwake yeye, mtoto hasemi ila alichokiona. Kisa hiki nimekigeuzageuza miaka mingi, na bado sijapata upande wa kukitazama bila kuona haya.

Mjomba Twalibu, ndugu mdogo wa mama, alikuwa hamali sokoni Marikiti. Asubuhi alibeba magunia ya viazi, jioni alikuwa golikipa wa timu ya mtaa, na katikati alituning'iniza sisi watoto watatu kwa mpigo kwenye mkono wake wa kulia. Mkono ule ndio uliotulisha, maana babu alikuwa ameshafariki na cherehani ya mama haikutosha.

Siku moja alirudi mapema, ameukumbatia mkono kifuani. Gunia lilikuwa likimponyoka, akalidaka kwa mkono mmoja, akasikia kitu kimekatika kwenye kiwiko, ta! Kufikia jioni kiwiko kilikuwa cheusi, na msuli umejikunja juu karibu na bega kama kitunguu. Daktari hakuzungusha maneno. Kilichokatika ni kano, ule mshipa mgumu unaoshikanisha msuli na mfupa. Angekuwa mtu wa kukaa tu, angeachwa apone kwa mazoezi.

"Lakini wewe mwili wako ndio kazi yako," alimwambia. "Usiposhonwa, mkono utakuwa nao, nguvu hutakuwa nazo. Na usipitishe wiki tatu. Kano itajivuta, haitafika tena mahali pake."

Mjomba alirudi na karatasi ya kulazwa, akaishika muda mrefu bila kuikunja. "Mama, daktari yuwasema wiki tatu," alisema.

"Mkono kama huo haukatiki hivi hivi," nyanya akamjibu. "Hapa pana mato ya watu, jicho la husuda." Kisha akaniita. "Ndoo, mwanangu. Weye washinda mlangoni. Ni nani alousifu mkono wa mjombako?"

Jina nilikuwa nalo tayari. Bi Rukia, mjane wa mlango wa pili, wiki ileile alikuwa amenishtaki kwamba nimetoroka chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikachapwa mbele ya wenzangu. Na kweli mkono aliusifu. Alimwona mjomba akituning'iniza, akacheka, akasema, "Mashaallah, Twalibu! Mkono huo wanyanyua nyumba!"

"Bi Rukia," nikasema.

"Alisema mashaallah?"

Kwetu, anayekisifu kitu cha mwenzake bila kutaja neno hilo huhesabiwa kuwa amekitia jicho, hata awe hana nia mbaya. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu. Nikamtazama nyanya usoni.

"Hakusema."

Basi, hospitali ikawekwa kando. "Mtu aliyepigwa jicho hapasuliwi," nyanya alisema, "mpaka jicho litolewe kwanza." Mjomba akanyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, siku saba mfululizo. Wiki ya pili akaletwa mkandaji, naye akamkanda mpaka mwanamume mzima akalia. Wiki ya tatu nyanya akataka kipande cha nguo ya Bi Rukia, kichomwe pamoja na ubani, mjomba ajifukize. Akanituma mimi.

Bi Rukia alikuwa akipepeta mchele. Nilipotoa ujumbe, mikono yake ilitulia juu ya uteo.

"Mwanangu, mimi nilisema mashaallah," alisema polepole. "Nawe ulikuwapo."

Nikautazama mchele. Alinisubiri. Leo naelewa kwamba alikuwa akinipa nafasi, tena aliirefusha kadiri alivyoweza, hata chungu kikafurika jikoni naye hakuinuka. Mwisho alichukua mkasi, akakata pembe ya leso aliyojifunga, leso mpya, akanitia mkononi.

"Mpelekee. Apone tu."

Wiki ya tatu ilikuwa imebakisha siku mbili. Ningesema neno moja tu, nyanya angemwachilia mjomba aende akashonwe. Niliogopa fimbo. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo na sikuiona, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Mkono wa mtu uliotulisha niliulinganisha na fimbo mbili tatu, nikachagua kuhifadhi makalio yangu.

Mjomba alikwenda hospitali mwezi wa pili baada ya kuumia, aliposhindwa hata kuzungusha ufunguo mlangoni. Wakamwambia kano imeshajivuta, abaki na mazoezi. Aliyafanya kwa bidii, na mkono ukapona kiasi cha kula na kuvaa shati. Magunia hakuyabeba tena. Alipata kazi ya ulinzi Kizingo, kuwafungulia watu geti, na golini akasimama mwingine.

Nilipokuwa mkubwa nilimwambia kila kitu. Alicheka kidogo. "Mamangu, hata mimi nalikiogopa kisu. Nyanyako alinipa sababu." Huenda ni kweli, huenda alinihurumia. Siku ile nililala vizuri, nikadhani yamekwisha.

Bi Rukia sikumwendea. Mtaani wanawake walikuwa wakiwafunika watoto wachanga akipita, na kwenye harusi hawakumkaribisha chumbani kwa bibi harusi. Nikikutana naye nilimwamkia kwa adabu, naye aliniitikia vizuri sana, akaniulizia mjomba, kila mara.

Alifariki mwaka jana. Kabla jeneza halijatoka, bintiye alisimama mbele yetu wanawake, akatuomba, kama ilivyo desturi, kila aliyekosewa na mamake ampe radhi. Nyanya, ambaye sasa haoni vizuri, akainua mkono.

"Mimi nimemsamehe," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na Twalibu wangu pia amemsamehe. Mungu ampokee."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, mama wa watoto wawili, sina wa kumwogopa tena duniani. Wanawake wakaitikia amina, nami nikaitikia pamoja nao.