Siku Dhahabu Ilipoelea

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Walimwita Mama Grisi, naye hakununa, maana jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na hakuna chuma kilichotoka karakanani mwake kikiwa kikavu. Bawaba, geti, mnyororo wa baiskeli, hata mkasi wa jirani yake fundi cherehani, vyote alivipaka grisi kwa kidole, kisha kidole akakifuta kwenye aproni. "Chuma kikavu kinaita kutu," alikuwa akisema. Mumewe alizoea kuinusa chai kabla ya kuinywa.

Lakini kilichomkosesha usingizi Mama Grisi kilikuwa mikono ya dada yake. Dada mtu alikuwa ameosha dhahabu kwa karai miaka kumi na tisa, kwenye kijito cha mlimani chenye maji baridi ya kuuma mpaka mifupa. Vidole vikaanza kugoma. Kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Siku moja alishindwa kufunga kifungo cha sweta yake, akajichekea, na Mama Grisi akamfungia. Aliapa hapo hapo kwamba mikono ile haitarudi majini.

Ndipo akaunda mtambo wa kuoshea mchanga. Ulikuwa na vipande vinne: chujio, mfereji wa bati uliotandikwa zulia, pampu ndogo ya petroli na miguu ya kukunja. Kila kipande kilikuwa mzigo wa mgongo mmoja, kwa sababu huko juu gari halifiki na punda ana akili zake. Pampu inavuta maji, mchanga unamwagwa kwa koleo, mawe yanabaki kwenye chujio, na dhahabu, kwa uzito wake, inazama na kunasa kwenye zulia. Hakuna anayelowa hata ukucha.

Mwenyekiti wa kikundi cha waoshaji hakuwa mtu wa kushawishika. "Mitambo nimeiona mingi, fundi," alisema walipofika kijitoni, "na yote inajua kupiga kelele." Akagawa lundo la mchanga mafungu mawili sawa, moja la karai, moja la mtambo. "Ukishindwa, unashuka nao leo leo, na dada yako anashika karai lake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwenyekiti."

Pampu ikanguruma, mchanga ukateremka vizuri ajabu, na Mama Grisi akatabasamu kabla ya wakati. Fungu la karai lilipokwisha, lilitoa dhahabu ya kufunika ukucha wa kidole gumba. Zulia la mtambo lilipokung'utwa kwenye ndoo, zilionekana chembe tatu. Walizihesabu mara mbili, zikabaki tatu.

Dada mtu akaokota karai, akaenda mwisho wa mfereji, kwenye kidimbwi maji yalikotuama, akaingiza mikono.

"Dada, acha!"

"Nyamaza kwanza." Alitazama, akainamia karai zaidi. "Mdogo wangu, hebu njoo. Dhahabu yako inaelea."

Kweli ilikuwa inaelea, vumbi la njano likizunguka juu ya maji. "Kumbe!" mwenyekiti akasema. "Siku zote inazama kwa sababu hakuna aliyeifundisha kuogelea." Watu wakaangua kicheko.

Mama Grisi hakucheka. Alikuwa ameona kitu kingine juu ya maji yale: utando mwembamba wenye rangi rangi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kwenye aproni. Angeweza kusingizia pampu, na nani angebisha? Lakini aliitazama mikono ya dada yake, imeiva kwa baridi, na akaona aibu ya kusema uongo ni kubwa kuliko ya kukiri kosa.

"Kosa ni langu, mwenyekiti. Mfereji niliupaka grisi. Dhahabu laini ikishika mafuta, maji yanaibeba."

"Uliupaka wapi? Nje?"

"Na ndani."

"Ndani!"

"Usishike kutu."

Mwenyekiti alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akatafuta jiwe la kukalia. "Mama Grisi, wewe jina lako ni haki yako," alisema akijifuta machozi. "Haya, sugua. Jua bado liko juu, na mchanga wenyewe haujaenda popote."

Wakachemsha maji. Mfereji ukasuguliwa kwa sabuni na majivu mpaka ukalia chini ya kidole; zulia likafuliwa mara tatu. Kisha wakachota kila kilichotuama kidimbwini, wakakipitisha upya pamoja na fungu zima. Safari hii Mama Grisi hakutazama. Aligeukia mlima, akauma ukosi wa koti lake, akisikiliza zulia likikung'utwa.

"Fundi," mwenyekiti aliita. Sauti haikuwa na mzaha. "Njoo uone."

Chini ya ndoo ililala dhahabu ya kufunika kucha mbili, na ilikuwa imezama vizuri, imetulia kabisa. Mama Grisi alishusha pumzi aliyoishikilia tangu asubuhi, akakaa kwenye changarawe na kulia bila haya.

"Mtambo haushuki," mwenyekiti akasema. "Na dada yako nampa kazi ya kusimamia zulia, abaki mkavu kuliko sisi sote."

Dada mtu akaja kukaa kando ya mdogo wake. Akaikunjua mikono yake magotini, akaitazama kama wageni waliokaribishwa kiti baada ya safari ndefu.

"Inauma?"

"Imekauka tu. Ile grisi yako imebaki?"

Mama Grisi akatoa kikopo mfukoni mwa aproni, akaanza kumpaka, kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Nyie wawili!" mwenyekiti akapiga kelele. "Hayo mambo yafanyieni mbali na mfereji!"