Choo Kimoja na Mkwe Wangu

Nyinyi mnaona zile picha kwa simu, msichana na bwanake wamekaa juu ya boti nyeupe, maji ya bluu, nywele inapepea, mnasema, "Wah, hawa wanakula maisha." Mimi nilienda huko. Kaeni chini niwaambie wanakula nini.

Huyo msichana ni kitinda mimba wangu. Alisoma hapo Kabianga, sisi tukajua atakuwa mwalimu. Akapatana na kijana wa Soin, kijana wetu kabisa, watu wake wanajulikana, lakini alikuwa amefanyia wazungu kazi ya boti huko Pwani, na mzungu mmoja alipozeeka akamwachia boti yake kuukuu. Ile ya turubai, inasukumwa na upepo. Baada ya harusi, badala wajenge nyumba kama watu, wakaingia ndani ya hiyo kitu wakaanza kuzunguka visiwa. Leo hiki, kesho kile, wanajipiga video watu waangalie.

Sasa akapata mimba. Tumbo likakuwa kubwa, akapiga simu akasema atazalia huko huko, na hata hajui ni kisiwa gani, itategemea upepo. Upepo! Mzee wangu aliweka kikombe chini, akaniambia, "Mama watoto, enda ulete huyo msichana." Nikafunga mursik kwa kibuyu, ile maziwa yetu ya kulala iliyotiwa mkaa, nikashuka Pwani.

Alinipokea akicheka, tumbo mbele. Nikamwambia hapo hapo, "Twende nyumbani."

"Mama, panda kwanza twende mpaka kisiwa cha huko mbele. Ukiona ni kuzuri, unaniacha nizalie huku. Ukiona ni kubaya, nakufuata."

Nikakubali. Nilifikiri boti ni kama nyumba.

Boti si nyumba! Hata stoo yangu ya mahindi ni kubwa kuliko hiyo. Ukiingia ndani harufu inakukaba shingo: dizeli, samaki wa jana, nguo zilizokataa kukauka. Godoro imeota ukungu ya kijani kama jiwe la mtoni. Sufuria wanaosha na maji ya chumvi. Na chai, woi, ile chai! Sisi tunaishi katikati ya majani yenyewe, mimi nimechuna tangu nikiwa msichana mdogo, halafu mtoto wangu ananipea chai ya maziwa ya unga, ina chumvi, ina harufu ya mende. Mende mwenyewe nilimwona. Alikuwa amenona kuliko sisi wote.

Kuoga unajirusha baharini. Nikakataa. Nikanuka, lakini tulikuwa tunanuka wote, hakuna wa kucheka mwenzake.

Hiyo yote ningevumilia. Shida ilikuwa choo.

Kwetu, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Mimi sikulelewa kumsalimia mkwe kwa mkono, ama kulala nyumba moja na yeye, na mambo ya choo hata hayatajwi. Sasa choo yao iko katikati ya boti, mlango ni kama kadibodi, na ukimaliza unasukuma pampu kwa mkono, krooch, krooch, krooch, mpaka kila mtu ajue kazi ilikuwa kubwa kiasi gani. Na mkwe amekaa hapo nje, goti karibu liguse mlango! Nikasema afadhali nipasuke.

Kumbe na yeye amesema hivyo hivyo. Wakati boti ilikuwa bado imefungwa hapo karibu na ufuo, tukingoja upepo, alikuwa anashuka kwa kaboti kadogo ka mpira, anapiga makasia mpaka nyuma ya mawe, anarudi na uso kama mtu ametoka kanisani. Nikamwambia msichana na mimi anipeleke nyuma ya mawe, lakini mawe mengine.

Kuongea tulipitishia kwa msichana, ingawa tumebanana kama viazi kwa gunia.

"Mwambie mama ainue mguu, kamba inapita."

"Mwambie nimeinua."

"Mwambie mama asante."

Msichana akashika kiuno. "Nyinyi wawili mnanichosha! Si mnasikizana?"

"Mwambie," nikasema, "sisi hatujasikia kitu."

Mkwe akageukia bahari. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Alikuwa anacheka, huyo!

Upepo ulipokuja tukatoka. Turubai ikajaa upepo, boti ikalala upande kama ng'ombe anataka kuzaa. Tumbo langu likaanza kutembea. Nikajiambia, kunywa mursik yako, itatulia. Nikanywa kikombe kimejaa. Haikutulia. Ilipanda yote pamoja na mkaa wake, na sikuwahi kugeuka. Ikamwagikia miguu ya mkwe.

Miguu mitupu! Matapishi ya mama mkwe, ya rangi ya kijivu, yenye mabonge, yanapita katikati ya vidole vyake. Na yeye ameshika usukani, hawezi kuruka, hawezi kukimbia. Alifunga macho tu. Nilitaka bahari inimeze na kibuyu changu.

Msichana akaja haraka na ndoo. Nikamwambia, "Wacha, nitapanguza!" Hakusikia. Alikanyaga hiyo mursik, mguu ukaenda, akaanguka kwa makalio, puu, akaanza kuteleza kwenda ule upande ulioinama, pale maji yanapita.

"Mama, mshike!"

Alikuwa ni mkwe. Aliniita mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikashika nguo ya msichana, mkwe akaachilia usukani akanishika mkono, tukamvuta wote wawili, turubai inapiga kelele juu kama mabati yanayopigwa na upepo. Tukabaki tumekaa ndani ya yale matapishi, tumeshikana. Msichana aliweka mikono kwa tumbo, akangoja, halafu akasema, "Anacheza. Amenipiga teke."

Mkwe akainuka akageuza boti.

"Unaenda wapi?" msichana akauliza.

"Tunarudi. Utaenda na mama."

"Lakini tulikubaliana ni mama ataamua! Na hajasema kitu."

"Mama ameongea," akasema. "Miguu yangu ndiyo imesikia."

Nilicheka mpaka nikatapika tena. Wakati huu upande wa bahari.

Nyumbani nguo za msichana nilichemsha kwa sufuria ya nje, nikatupa maji, nikachemsha tena, na bado zilinuka dizeli. Alizalia hospitali, kwa kitanda kisichotembea, na nesi wa kumshika. Mkwe alifika akiwa amevaa viatu, akalala kwa jirani vile inatakiwa, akambeba mtoto wake akalia.

Sasa wanasema mtoto akianza kukaa watarudi kwa ile boti na ukungu yake na mende yake. Mimi sijabishana. Shingo ya mtoto bado ni laini, kukaa bado kuko mbali, na mdomo wangu hauchoki.