Jenereta ya Jumapili

Nafisa Usman alizaliwa Uvira katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu, akasomea takwimu Bukavu na kubaki huko. Aliajiriwa na kampuni ya kukoboa mpunga yenye ofisi Muhumba, mtaa wa Bukavu, na kinu kikubwa Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi. Wabia wa Ulaya walikuwa wameitaka kampuni ipunguze gesi ya ukaa inayotoa, la sivyo wangejitoa. Kazi hiyo akapewa Nafisa.

Aliipenda. Kila lori na kila jenereta ilifungwa kifaa kidogo kilichotuma habari kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali, katika kile mafundi wanachokiita wingu. Akiwa mezani pake Muhumba aliona dizeli ilikoungua, saa baada ya saa, kwa mistari ya rangi. Aliona malori yaliyoachwa yakinguruma vizuizini, akawapangia madereva saa nyingine za safari, na moshi ukapungua kidogo. Kisha akaitazama Luvungi. Jumapili, siku ya yenga kwa watu wa huko, kinu kilifungwa, lakini jenereta iliwaka kutwa nzima.

"Directeur, hii mazutu inaungua bure," alimwambia Constantin, mkuu wake. "Siku ya yenga hakuna mutu wa kazi, na groupe ya umeme iko inazunguka."

"Basi funga," Constantin akajibu.

Mfumo ule uliweza kuzima jenereta na kuifunga kutoka Bukavu. Ijumaa Nafisa alimpigia simu Almasi, fundi mzee wa kinu.

"Papa, siku ya yenga groupe haitawaka tena. Nitaizima huku."

Almasi akajibu: "Maman, siku ya yenga tuko na watu hapa juu ya ile umeme."

Nafisa alijua walinzi huwachajia simu jirani zao. "Watachaji samedi, papa, mbele ya yenga."

"Maman, haiko..."

"Njo ordre ya directeur," Nafisa akamkatiza; amri ilikuwa ya mkuu.

"Sawa," Almasi akasema.

Jumapili hiyo Nafisa alikuwa kwenye harusi ya binamu yake. Jioni alikuta Almasi amempigia mara nyingi. Akadhani ni malalamiko yaleyale, akayaacha hadi kesho yake. Jumatatu alikuta mstari wa Luvungi wa Jumapili umelala chini kabisa, na kwa furaha aliyokuwa nayo akampigia fundi amshukuru.

"Mutoto amekufa, maman," Almasi akasema.

Waya wa umeme ulivuka ukuta wa kinu hadi kituo cha afya cha jirani. Mkuu wa zamani wa kinu alikubali kwa mdomo, kisha akahama, na Bukavu hakuna aliyejua. Jumapili asubuhi mama mmoja alileta mtoto wake Guylain, hajafikisha miaka miwili, kifua kimembana. Mashine ya oksijeni ilikuwepo, ila umeme haukuwepo. Almasi alijaribu kuiwasha jenereta kwa mkono, ikagoma. Alasiri mtoto alikata roho.

Nafisa aliteremka Luvungi siku ileile. Muuguzi Christine alimpeleka kwenye chumba chenye kitanda kimoja na mashine iliyofunikwa kitambaa safi.

"Angepona?" Nafisa aliuliza.

"Pengine angekufa hata na umeme," Christine akasema. "Pengine hapana. Siwezi kukudanganya."

Mama wa mtoto aliketi nje ya nyumba yake kati ya wanawake waliokuja kumfariji. Nafisa alipiga magoti mbele yake, akataja jina lake na kazi yake, na kwamba jenereta ilizimwa kutoka ofisini kwake.

"Njo wewe ulizima?"

"Njo mimi. Sikujua, maman."

"Ku centre walituambia mushine iliharibika." Mama yule alimtazama kwa muda, kisha akainuka, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Aliporudi Muhumba, Nafisa alimwomba Constantin airudishe jenereta ya Jumapili, na wabia waelezwe sababu.

"Hiyo centre haiko yetu," Constantin akasema. "Nasikitika kwa mutoto, kweli. Lakini tukianza kubeba umeme ya kila jirani, tutapunguza nini?"

"Waya iko yetu, Directeur."

"Tutaikata."

Nafisa aliiwasha mwenyewe Jumapili iliyofuata, bila ruhusa. Jumatatu nywila yake haikuufungua tena mfumo. Hakusubiri kufukuzwa, alikusanya vitu vyake, akaaga, akashuka ngazi. Wabia waliisifu kampuni kwa moshi uliopungua Luvungi, na mafundi wakaukata waya.

Alirudi Uvira kwa baba yake, anayeuza vifaa vya umeme sokoni. Mzee Usman alimsikiliza mpaka mwisho. Siku chache baadaye walipakia paneli za jua na betri, wakazipeleka Luvungi. Almasi alizifunga juu ya paa la kituo. Jua likiwa kali mashine hufanya kazi mpaka jioni. Msimu wa mvua betri huisha mapema, na Christine huwaambia wazazi wakimbize mtoto Bukavu, kwa ile barabara mbovu ya milimani. Wengine hufika.

Nafisa anauza dukani na baba yake. Hupita Luvungi kukagua betri, na mara nyingine hukutana njiani na mama wa Guylain. Humsalimu. Mama yule hupita na jembe lake begani, haitiki, na Nafisa hajawahi kumdai jibu.